Kila Seli na Upande Wake

Gitothua, 3 Machi 2025

Becky mdogo wangu,
Hujambo huko Thika? Sisi wazima, ila miguu yangu imevimba. Mimba imefika miezi mitano na daktari anataka picha ya mgongo wa mtoto. Siendi. Yule wa kwanza alizaliwa mgongo wazi, tukamzika baada ya wiki, na mama mkwe bado anasema ni zile beli za mitumba nilizoinua. Nikiambiwa tena ni mimi, nitafanyaje? Wewe unayepasua mayai huko chuoni, niambie ukweli, usinibembeleze.
Dadako, Wangeci

Thika, 5 Machi

Dada,
Pole na miguu, iinue juu ya mto. Mayai siyapasui! Natoboa kidirisha kwenye ganda, namtazama kifaranga kabla hajawa kifaranga. Mwanzo ni seli zilizotandazwa tu. Lakini kila seli inajua upande wake, kwa hiyo hujipenyeza katikati ya wenzake, kama foleni mbili za watu wanaoteka maji zikiungana kuwa moja. Utando unakuwa mwembamba na mrefu, halafu kingo zinainuka na kushikana. Hapo ndipo uti wa mgongo unapoanzia. Seli zikipoteza upande, kingo hubaki zimeachana, na mgongo hubaki wazi.

Kwa binadamu hayo huisha mwezi wa kwanza wa mimba. Beli uliziinua mimba ile ikiwa na miezi mitano, nilikuwepo, nikakugombeza. Si wewe, dada. Safari hii ulianza vidonge vya foliki mapema. Vinapunguza hatari, ingawa siwezi kukuahidi. Nenda, tafadhali.
Mdogo wako, Becky

Thika, 19 Machi

Dada, habari za huko? Mbona kimya? Umenikasirikia? Hata chakula hakipiti.
Becky

Gitothua, 28 Machi

Becky wangu,
Salamu nyingi, na kula sasa. Barua yako ya kwanza nilimsomea mume wangu. Njau akaniomba nirudie pale pa mwezi wa kwanza, kisha akalia, mwanaume mzima. Kumbe miaka miwili anajilaumu kwa kunibeba na pikipiki kwenye barabara mbovu ya Kiuu. Tumelala kitanda kimoja, kila mtu na kosa lake.

Jana tulienda pamoja. Mgongo umefunga, Becky! Kuanzia shingoni hadi chini, tumeonyeshwa pingili moja moja. Nilicheka mpaka nikaulizwa kama niko sawa.

Njau mwenyewe alimpigia mama yake simu. Leo asubuhi mama mkwe amekuja na uji wa wimbi, akakaa, akauliza yule wa kwanza alikuwa na macho ya nani. Hakuwahi kuuliza.

Nikamwambia, "Yako, mama."
Dadako, Wangeci