Hati za Darini kwa Akina Ling

KITUO CHA POLISI CHA HALESBRIDGE, KAUNTI YA SUFFOLK
Maelezo ya shahidi kuhusu tukio la Shamba la Cold Elms

Jina: Maud Ellen Kerridge (mjane)
Umri: Miaka 43
Kazi: Karani na dereva wa chama cha kuhifadhi maandishi ya kale ya kaunti
Makazi: Mtaa wa Kinu, nyumba ya pili kutoka kanisani, Halesbridge
Mwandishi wa maelezo: Sajenti Cracknell
Tarehe: Jumatano, Oktoba 7, 1936, saa nne asubuhi

Sajenti ameniambia niseme niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe, si niliyosimuliwa. Nimekubali, na hakuna aliyenilazimisha.

Namfahamu Bwana Ambrose Fiske kwa miaka tisa. Ni mwalimu mkuu mstaafu, ana miaka sitini na minane. Kazi yetu ni kupita kwenye nyumba za watu kukusanya maandishi ya kale na hati za ardhi. Tangu sheria ya ardhi ibadilishwe, nyingi ya hati hizo hazina kazi tena mahakamani. Watu huzitupa, huziwashia moto, au huwauzia wafanyabiashara wa London, ambao huzikata wakatengenezea vifuniko vya taa, kwa kuwa ni ngozi ya kondoo na hupitisha mwanga vizuri. Bwana Fiske aliwahi kuingia katika hoteli moja akaona jina la kijiji alichozaliwa likiwaka juu ya meza ya chakula. Tangu siku hiyo hataki kusikia mtu akimwambia asubiri wiki ijayo.

Mnamo Jumatatu, Oktoba 5, alikuja ofisini kwetu Bi. Hannah Smy, anayeishi Ipswich na mumewe. Alisema yeye ni mzaliwa wa Cold Elms, na kwamba mdogo wake, Reuben Ling, analima pale peke yake tangu mama yao alipofariki mwezi Machi. Babu yao aliliuza shamba hilo zamani wakabaki wapangaji, na sasa mwenye ardhi ameliuza tena, na Reuben anatakiwa awe ameondoka kufikia Jumapili, tarehe 11. Darini kuna sanduku la ngozi za zamani alizokuwa akizitunza mama yao. Mtu wa London angekuja kuzitazama Jumatano, lakini yeye aliona afadhali zibaki kwenye kaunti. Bwana Fiske alimuuliza kama mdogo wake ameafiki. Bi. Smy alijibu, "Reuben hana neno." Nilikuwepo, nilisikia.

Tulitoka Halesbridge Jumanne asubuhi, mimi nikiendesha. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na njia ya Cold Elms ilikuwa tope tupu. Bwana Fiske aliniambia naendesha kama niliyeiba gari. Nikamjibu kwamba anayetaka kumtangulia mtu wa London asichague mwendo. Alicheka. Nayataja haya kwa sababu Sajenti ameniuliza hali yake ilikuwaje. Ilikuwa nzuri. Hakulalamika kizunguzungu wala maumivu.

Tulifika kama saa nne na nusu. Uani vifaa vyote vya shamba vilikuwa vimepangwa mistari na kubandikwa namba za mnada, plau, mikokoteni, hata ndoo. Bi. Smy alitupokea na kuweka birika jikoni. Alisema Reuben amekwenda mnadani Ipswich kuuza nguruwe wake wa mwisho na hatarudi kabla ya jioni. Hapo Bwana Fiske alinitazama, nami nikamtazama. Lakini hatukuuliza zaidi.

Kati ya jiko na mlango wa nyuma pana korido ya sakafu ya mawe, na juu yake kuna tundu la kuingilia darini. Unapanda kwa ngazi ya mbao isiyofungwa mahali. Nilisema nipande mimi. Bwana Fiske akakataa. "Ukipanda wewe utaniletea zile nzuri nzuri," alisema. "Mimi nataka na zilizoliwa na panya." Alipanda. Alinishushia furushi la kwanza, kisha la pili, nami nikayaweka juu ya meza ya jikoni. Mihuri ya nta ilikuwa bado inaning'inia.

Mbwa alibweka mara moja akanyamaza, kama mbwa anavyonyamaza akimwona wa kwao. Reuben Ling akaingia kwa mlango wa mbele. Ni mtu mrefu, wa miaka kama hamsini, na matope yalimfika magotini. Baadaye nilijua kwamba nguruwe hawakupata mnunuzi. Alisimama akaitazama meza.

"Hawa ni akina nani, dada?"

Bi. Smy alimwambia ni watu wa kaunti, wamekuja kuondoa takataka za mama.

"Takataka za mama," Reuben alisema. Hakupaza sauti.

Juu ya mahali pa moto palikuwa na bunduki ya mitutu miwili. Aliitungua, akaikunja katikati pale pa kutilia risasi, akatazama ndani, akaifunga. Niliiona shaba ya risasi mbili. Alinipita karibu kiasi cha kunigusa bega, akaingia koridoni, akaiondoa ngazi na kuilaza kando ya ukuta.

Sajenti ameniuliza kwa nini sikukimbia kutafuta msaada. Mlango wa nyuma ulikuwa nyuma yake; wa mbele ulikuwa wazi, lakini mzee wangu alikuwa juu.

Reuben aliita, "Mzee, una nini mkononi?"

Bwana Fiske akatoa uso kwenye tundu. Alikuwa amelala kifudifudi, na vumbi limemjaa kwenye nyusi. Alisema ana hati moja, tena nzuri sana.

"Irudishe ulikoitoa. Ukishuka na kitu chochote mkononi, nitakupiga risasi."

Hayo ndiyo maneno yake na siyapunguzi. Alipoyasema mtutu ulikuwa umeelekea sakafuni. Baadaye aliuinua mara moja ukalielekea tundu, na mimi nikawa nauona uso wa Bwana Fiske juu ya mtutu. Kisha akaushusha.

Bi. Smy alikuja hadi mlango wa jiko. Alimwambia asimtie aibu mbele ya wageni, na kwamba nusu ya vitu vya mama ni vyake.

"Nusu yako uliondoka nayo ulipoolewa," Reuben alisema. "Mama aliumwa miezi minne. Nilikuita mara ngapi?"

Bi. Smy aliuliza, "Na Jumapili utazipeleka wapi? Wewe mwenyewe huna pa kulala."

"Nitazichoma. Shamba wamechukua, nyumba wamechukua. Hizi watakuta majivu."

Hapo Bwana Fiske akabadilika. Si mtu jasiri. Huogopa bata bukini, na nimewahi kuwafukuza kwa mwavuli ili yeye apite. Lakini aliposikia habari ya kuchoma, sauti yake ilikuja kama ya mwalimu darasani, bila haraka. Alimuuliza Reuben kama anajua hati zile zinasema nini.

"Zinasema shamba lilikuwa letu."

"Nani amekwambia?"

"Mama."

"Mama alizisoma?"

Reuben akasema hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuzisoma, ni Kilatini.

"Basi nikusomee moja," Bwana Fiske alisema. "Ukishasikia, uchome."

Reuben alibaki pale pale chini ya tundu. Bunduki ilikuwa bado mikononi mwake. Mimi nilikuwa nimemfuata koridoni, nimeegemea ukuta. Birika lilianza kuchemka jikoni na hakuna aliyekwenda kulitoa.

Bwana Fiske alisoma taratibu, akigeuza Kilatini kuwa lugha yetu. Ilikuwa hati ya mtu aitwaye Thomas Ling, wa zaidi ya miaka mia nne iliyopita, akimpa mwanawe ardhi. Alitaja Konde la Ndama, na Konde la Kisima, na kipande kando ya njia ya kanisani, na haki ya kukata kuni kwenye ua wa miti. Halafu ikasema kwamba Alice, mke wa Thomas, asiondolewe katika kitanda kilicho karibu na moto maadamu yu hai.

"Konde la Ndama," Reuben alisema.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ndama wangu wako pale sasa hivi."

"Basi wako mahali pao," Bwana Fiske alisema.

Reuben akamwambia arudie pale pa Alice. Akarudia. Ndipo Reuben akauliza, kwa sauti ambayo sikuitegemea kutoka kwa mtu mkubwa kama yule, kama maandishi hayo yanaweza kumzuia mtu asimtoe Jumapili.

Niseme kweli, nilimwomba Mungu Bwana Fiske aseme uongo. Angesema ndiyo, ngazi ingerudi, tungekwenda zetu. Alikuwa anautazama mtutu kama ninavyoitazama kalamu hii ya Sajenti.

Alisema, "Hapana, bwana. Babu yako aliliuza shamba hili. Ngozi hii haiwezi kukurudishia hata lango. Inachoweza ni kusema kwamba mlikuwepo."

Reuben alikuwa anaangalia sakafu. Kisha akaiegemeza bunduki kwenye mwimo wa mlango wa jiko, akaiinua ngazi, akaisimamisha, akaishika kwa mikono miwili.

"Shuka, mzee. Polepole. Kipandio cha tatu kimelegea."

Bwana Fiske alianza kushuka, akiwa ameikumbatia ile hati kifuani kwa mkono wa kushoto. Reuben aliiona, akaendelea kuishika ngazi. Mimi nilikuwa upande wa kulia wa Reuben, hatua moja tu, nikimwona vizuri kwa mwanga wa dirisha la nyuma.

Nikamwona Bi. Smy akitoka jikoni. Aliishika bunduki kwa mtutu na kuivuta. Naamini alitaka kuiondoa pale, si jambo jingine. Iligonga mwimo wa mlango ikalia. Risasi ziliingia kwenye kabati la vyombo na sahani zikamwagika. Bwana Fiske alishtuka, mguu ukateleza, akaanguka kutoka juu ya kimo cha mtu. Reuben aliiacha ngazi akanyoosha mikono kumdaka. Walianguka wote wawili, na kichwa cha Bwana Fiske kikapiga kwenye jiwe.

Sajenti amenisomea kwamba Bi. Smy ameeleza kuwa mdogo wake aliivuta ngazi. Hakuivuta. Bunduki ilipolia, mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye ngazi akiituliza. Mkono wake wa kushoto umevunjika kifundo, na ulivunjika chini ya mgongo wa Bwana Fiske. Simsemi Bi. Smy kwa ubaya. Alituita kwa nia njema, na aliyoyaona akiwa nyuma ya moshi si niliyoyaona mimi.

Bwana Fiske alikuwa anapumua na macho yamefunguka. Damu ilikuwa inatoka sikioni. Reuben aliniambia niende posta ya kijiji nikapige simu ya daktari. Sikutaka. Niliogopa kumwacha mzee wangu na mtu aliyemwelekezea bunduki muda mfupi uliopita, na nilimwambia hivyo.

"Bibi," aliniambia, "mimi sijui kuendesha gari. Wewe unajua. Nenda."

Nikaenda.

Niliporudi, Reuben alikuwa ameng'oa mlango wa nyuma kwenye bawaba zake ili Bwana Fiske abebewe juu yake. Alikuwa amepiga magoti kwenye mawe, koti lake limemfunika Bwana Fiske, na alikuwa anamtajia majina ya makonde yote ya Cold Elms, moja baada ya jingine, asije akalala. Bwana Fiske alikuwa akiyarudia. Mengine aliyakosea, na Reuben akawa anamsahihisha kwa upole. Bi. Smy alikuwa amekaa kwenye ngazi iliyoanguka, anaokota vipande vya sahani na kuviweka kwenye aproni.

Gari la wagonjwa lilifika saa saba kasorobo. Nilimshika Bwana Fiske mkono hadi mlangoni mwa gari. Aliniuliza kama hati imekanyagwa. Nilimwambia haikukanyagwa. Ilikuwa imekanyagwa, lakini si sana.

Nilirudi ndani kuchukua mkoba wangu. Reuben alikuwa amelishusha lile sanduku darini kwa mkono mmoja, sijui kwa namna gani, na amerudishia mafurushi yote yaliyokuwa mezani. Alilibeba begani hadi kwenye gari letu.

"Zichukue," aliniambia. "Lakini muandike zimetoka kwa akina Ling. Msiandike jina la yule aliyenunua."

Nilimwambia tutaandika. Konstebo alipokuja, Reuben alinyoosha mikono mwenyewe afungwe pingu, ule mzima na ule uliovunjika.

Sanduku sasa liko hapa kituoni kama kielelezo. Naomba liondolewe karibu na jiko la makaa, ngozi hukauka zikapasuka.

Hayo ndiyo ninayoyajua juu ya siku ile. Nimesomewa, na yameandikwa kama nilivyoyasema.

Sahihi: M. E. Kerridge

Maelezo ya ofisa: Shahidi alikuwa hajatia sahihi wakati simu ilipoingia kutoka hospitali, ikieleza kwamba Bw. Fiske, aliyepoteza fahamu akiwa njiani jana, amefariki asubuhi hii. Nilimpa habari hiyo mimi mwenyewe. Aliomba maji, akaletewa, hakuyanywa. Nilimweleza kwamba shauri hili sasa ni la kifo, na kwamba kama kuna alilolisema kwa kumhurumia Reuben Ling, au analotaka kuliongeza dhidi yake, huu ndio wakati. Aliomba karatasi zote. Alizisoma toka mwanzo hadi mwisho, kidole kikifuata mstari, akafika pale pa ngazi na kukaa hapo kitambo.

Alisema, "Hakuivuta."

Kisha akatia sahihi mbele yangu.

Sajenti H. Cracknell