Vyombo Vilivyobaki Uwanjani

Mkomaindo,
Masasi.
3 Oktoba, 1999

Mpendwa Kaka Nurdini,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na wifi Somoe, na kwamba goti lake limepata nafuu. Sultani ameshazoea shule? Huku watoto hawajambo. Mimi nakula na kulala, siwezi kusema zaidi ya hapo.

Asante kwa barua yako ya rambirambi. Faidha aliisoma kwa sauti, nami nikawa kama namsikia baba yake akiuliza, kama kawaida yake, "Na Tanga mvua imenyesha?"

Tumehama Newala. Mwenye nyumba alitaka vyumba vyake, na nyumba yetu ya huku ilikuwa imeshaezekwa bati kabla marehemu hajaugua. Hakuwahi kulala humo hata mara moja. Alikuwa akija siku za mapumziko kupaka chokaa, anarudi nyusi zimekuwa nyeupe, watoto wanamwamkia, "Shikamoo babu," naye anaitikia.

Utakumbuka ulivyomcheka alipokata bima. Makampuni ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuruhusiwa, na wakala mmoja, Cecil, akawa anazunguka sokoni Newala na mkoba wake. Mafundi wenzake walimtania, "Rajabu, mitumba imeshatumaliza, wewe unakatia bima nini, sindano?" Akawajibu, "Nina cherehani mbili na mke mmoja. Mke wamemkataa."

Alipoona kuhama kumekaribia, alimwita Cecil wakapatana kuwa vyombo vilindwe hata wakati wa kuhama: vikiwa ndani ya nyumba ya zamani, vikiwa garini, na vikiwa ndani ya nyumba mpya. Moto, wizi na ajali ya barabarani. Alinieleza hayo akiwa kitandani, akanitaka niyarudie kama mtoto wa madrasa. Niliyarudia yote, naye akalala.

Zile cherehani ndizo zilizokuwa shamba langu. Sare za shule ndiyo kazi pekee ambayo mitumba haijatunyang'anya, na marehemu alinifundisha kuzishona vizuri, ingawa hakuacha kukagua pindo zangu kwa kidole huku amefumba macho. Nilitegemea sare za Januari zitulishe na kumbakiza Faidha shuleni.

Tulihama mwezi wa nane. Lori lilifika salama asubuhi. Unajua kwetu vyombo haviingii nyumba mpya mpaka mjomba asome dua mlangoni. Na safari hii, kwa kuwa aliyeijenga alifariki kabla ya kuihamia, akina mama wote walisema hata kikombe kisitangulie. Tukapanga kila kitu uwanjani, cherehani kwenye meza zake, magodoro kando yake. Dereva akaondoka. Mjomba Bwanali alikuwa njiani kutoka Mnyambe, na gari alilopanda likaharibika.

Ulikuwa wakati wa kusafisha mikorosho. Jirani yetu, Mzee Safari, alikuwa akichoma majani kwenye kiwanja chake, nasi tumekwenda kuchota maji ya kuwapikia wageni. Upepo ukageuka. Tuliporudi magodoro yalikuwa yanawaka, na meza za cherehani zimeshika moto. Tulimwagia maji yale tuliyobeba, na chuma kilichokuwa cha moto kikapasuka papo hapo. Mzee Safari aliungua mikono yote miwili akijaribu kuvuta vitu. Kila siku anakuja, anakaa barazani, anaondoka. Nitamdai nini mtu wa namna hiyo?

Cecil alikuja baada ya siku chache. Alisikitika kweli, maana amekula kwetu mara nyingi.

"Mama Faidha, vilikuwa garini?"

"Gari lilikuwa limeshaondoka."

"Basi vilikuwa vimeingia ndani."

Nikatazama uwanjani. Akainama, akasema polepole, "Nauliza tu, Mama. Labda viliingia sebuleni, halafu mkavitoa mlipoona moto?"

Alikuwa ananionyesha njia, Kaka. Sijui ningejibu nini. Mjomba alikuwa chumbani, akatoka na tasbihi yake mkononi.

"Viingie vipi kabla yangu? Hata kijiko hakikuingia! Huyu nimemlea mwenyewe, hawezi kunivunjia heshima."

Alisema kwa fahari, akaniwekea mkono begani. Cecil akafunga mkoba.

Kampuni imejibu kuwa uwanja si gari wala si nyumba, na hawatalipa. Nilimuuliza Cecil kama kuna mahali pa kulalamika. Alisema naweza kujaribu, ila hakuniangalia usoni.

Sasa tuna nyumba nzuri, na ndani yake mikeka na sufuria za kuazima. Nabangua korosho za watu. Faidha ameniambia mwenyewe kwamba Januari hatarudi shule, na sikumbishia. Nasibu bado mdogo, huuliza cherehani za baba zitapona lini.

Kuna jambo moja nakuomba. Mjomba hajui kuwa maneno yake ndiyo yaliyofunga shauri lile. Bado yuko hapa, hataki kurudi Mnyambe mpaka tulipwe. Kila asubuhi ananiuliza, "Sija, yule kijana wa bima bado tu?" Namwambia bado. Macho yake yameanza kuingia ukungu, na alilolisema lilikuwa kweli, tena alilisema kwa kunipenda. Ukimwandikia, usimweleze. Mwache adhani wanachelewa.

Msalimie sana wifi Somoe, na Sultani umwambie shangazi yake anamwombea asome. Mungu awazidishie afya na awaepushe na yaliyotufika.

Nasi mtukumbuke.

Mdogo wako akupendaye,
Sijaona