Njia Mbili, Migomba Katikati

Jumatatu, 6 Mei 1991
Nimechora tena nyumba tutakayojenga. Lusajo mgongoni, maharage yameungua kidogo. Sijali. Sasa nyumba imekaa: mbele fremu mbili za duka, ukuta mnene wa enzi za Mjerumani ubaki palepale na baraza yake, mtaa huu usipoteze sura. Juu vyumba vyetu. Nyuma migomba na majani, mwanangu atambae. Mimi darasa la saba tu, ila najua mtoto anapenda kucheza wapi.

Jumatano, 8 Mei
Fundi Asajile kaja kupima. Anataka kufyeka migomba.
"Mama Lusajo, siku hizi biashara ruksa! Hapo zinaingia fremu nyingine, wewe unafuga migomba mjini?"
Nimekataa. Ila kiwanja ni cha baba mkwe. Asipokubali, hakuna nyumba, tutabaki chumba hiki kinachovuja.

Jumapili, 12 Mei
Baba Lusajo alipeleka mchoro kijijini Masoko kwa wazazi wake. Kutwa sikula.
Baba mkwe kakataa. Kauangalia mchoro, kauliza: "Mlango mmoja? Na mkamwana wangu atapita wapi, dirishani?" Mama mkwe kacheka mpaka kanga ikamdondoka.
Aibu! Chumba cha chini kitakuwa cha baba mkwe, akija mjini. Tangu niolewe sijamtazama usoni. Nikimsikia njiani naingia migombani, ndiyo heshima yetu Wanyakyusa. Halafu mimi huyohuyo nachora nyumba ya kugongana naye mlangoni kila asubuhi. Furaha ilinipumbaza. Nimelia kidogo.

Jumanne, 14 Mei
Nimepata! Nilikuwa namnyonyesha Lusajo, wazo likaja lenyewe.
Migomba isiwe nyuma. Iwe katikati, nyumba iizunguke. Mlango na njia ya baba mkwe kulia. Njia yangu na ngazi kushoto. Yeye apite zake, mimi nipite zangu, majani yatusitiri. Hata sina haja ya kukimbia.
Nikamwambia fundi: ukikata migomba, umekata heshima ya nyumba. Kakuna kichwa. "Hapo umenimaliza, mama." Nimecheka peke yangu njia nzima.

Jumamosi, 18 Mei
Mchoro mpya umekwenda Masoko. Baba Lusajo karudi bila jibu. Kasema mzee kauangalia muda mrefu, kisha kaomba chai. Chai! Nina hasira, nina matumaini, vyote pamoja.

Jumatano, 22 Mei
Nilikuwa kiwanjani napalilia, fundi akipima ukuta. Nikasikia kikohozi barabarani, kile cha kutoa taarifa. Baba mkwe. Nikazunguka nyuma ya migomba, nikachuchumaa na Lusajo kifuani.
Nilisikia fimbo yake ikigonga ukuta wa zamani. Akamwambia fundi, "Hapa nitapita mimi. Kule yeye." Moyo wangu! Kisha akanung'unika: "Ila migomba yenyewe hii michache. Haifichi hata kuku." Lusajo akacheka kwa sauti. Mzee akakohoa tena, akaondoka polepole.
Nilipotoka, nilikuta machipukizi ya migomba chini, mizizi bado ina udongo mweusi wa Masoko, yamefungwa kwa majani makavu.
Nimeyapanda yote. Nimeshindilia kwa mguu. Mvua imemalizia.