Folda Iliyokuwa Ikimrudisha Baba

Nyumbani,
Sebuleni, meza ya kompyuta.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Dada,

Kwa unyenyekevu mkubwa, na huku nimesimama wima (sasa nimekaa, maana kuandika kwa kusimama kunataka mtu mrefu), naitangazia familia yote, iliyopo na iliyo mbali, kwamba folda ya Barua Zilizoingia katika kompyuta ya sebuleni ilijaa pomoni. Hakuna aliyejeruhiwa.

Baada ya tangazo hilo, salamu. U hali gani? Miguu bado inavimba? Shemeji amejifunza kupika, au bado anachemsha mayai na kuyaita chakula? Sisi huku wazima, isipokuwa goti la Shangazi, ambalo halijawahi kuwa zima tangu nimjue. Mama hajambo mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha hapa na kalamu.

Ulimwuliza kwenye simu kwa nini anaahirisha safari, na tiketi ipo, na wewe mtoto yuko mlangoni. Akakujibu anamalizia kushona mapazia. Dada, nyumba hii haina pazia hata moja linaloshonwa.

Unakumbuka mtindo wao. Baba akishafunga bohari pale kiwanda cha magodoro, kabla hajavaa koti, alimwandikia Mama barua pepe: "Nimetoka. Niko njiani." Simu hakuitaka; alisema simu inavamia watu, barua inabisha hodi. Mama akisoma anainjika maji ya kuoga, na Baba akifika yana moto wake hasa. Barua yenyewe Mama aliifuta papo hapo, kama anavyokuoshea kikombe chai ikiwa bado iko kooni mwako.

Na unajua kwamba siku ile Baba alipoanguka kituo cha basi asiinuke tena, barua haikuja. Mama hakuinjika maji. Hajawahi kulitamka jambo hilo, lakini tangu hapo kila jioni ilipofika alikuwa akipita jikoni analigusa lile sufuria kubwa, kama mtu anayepima homa.

Basi. Alasiri moja nilikuwa nachokonoa nyaya za redio, nyumba kimya, nikasikia ile kengele ya kompyuta: ting. Mama akavaa miwani. Nilipomwendea nikaona jina la Baba kwenye kioo, kwa zile herufi nene za barua ambayo haijasomwa, na tarehe ya siku hiyohiyo. "Nimetoka. Niko njiani."

Mama akainuka, akaenda jikoni. Nikasikia kiberiti.

Siku ya pili zikaja mbili. "Nimetoka. Funga dirisha la jikoni, mvua inakuja." Nje jua lilikuwa linapasua mawe. Mama akafunga dirisha, na jioni mvua ikanyesha, ikaloweka nguo zangu zote kwenye kamba. Siku ya tatu: "Nimetoka. Paka msimpe samaki wote." Paka yupi, Dada? Wetu alikufa kabla ya Baba. Mama akaweka sahani yenye kichwa cha samaki kwenye ngazi ya nyuma. Asubuhi sahani ilikuwa nyeupe. Najua paka akiona samaki hangoji barua ya mtu. Hata hivyo sikuipenda ile sahani.

Ikawa ndiyo ratiba ya nyumba. Ting, kiberiti, ndoo bafuni, kandambili za Baba mbele ya mlango, vidole vikitazama nje. Mvuke unapanda, unafunika kioo, unapoa. Halafu Mama anamwaga maji na kusema, "Leo kachelewa." Nikimtajia safari ananitazama kama mtu asiye na adabu. "Mwanangu, mtu yuko njiani, mimi nifunge nyumba niondoke?"

Shangazi alikuja kushuhudia. Ilipolia ting alipanda kwenye kochi, goti lile lile.

"Wifi, huyo ni kaka yangu!" akasema. "Hata alipokuwa hai alikuwa hamalizi kuaga. Muiteni mtu wa kuomba."

"Aombe nini?" Mama akamwuliza. "Mume wangu anarudi nyumbani kwake."

"Basi mwambie asipitie kwangu."

Mimi nilimwita fundi, yule tunayemwita Taratibu kwa jinsi anavyoongea, ungedhani kila neno analipia ushuru. Alifungua kompyuta, akatazama, akaguna. Barua ikaingia akiwa hapohapo. Akaniuliza mzee yuko wapi nimsalimie. Nilipomwambia mzee yuko wapi, alikusanya bisibisi zake kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake, na mlangoni akasema, "Angalia... ukubwa... wa folda." Hakuomba hata nauli.

Nikaangalia. Nikasoma maelezo ya programu kwa siku kadhaa, sehemu ambazo hakuna binadamu amewahi kuzisoma, na hiki ndicho nilichokielewa. Programu ile ukiiambia futa, haifuti. Inafagia taka chini ya mkeka na kukuonyesha sakafu safi. Miaka yote Mama anafuta, barua zilikuwa zinalala chini ya mkeka, ndani ya faili moja, nalo likanenepa mpaka likagota kikomo chake. Hapo ile orodha inayokumbuka ipi imefutwa na ipi bado ikaharibika. Kila tukiwasha, programu inajaribu kuitengeneza upya: inafukua barua chache, inaziona ngeni, haioni tarehe zake, inazibandika ya leo, inapiga kengele. Kisha inazidiwa na kujizima. Kesho inafukua nyingine.

Dawa yake inaitwa kubana folda, yaani kukunja mkeka na kuzitupa kweli zilizo chini yake. Lakini ili kubana lazima diski iwe na nafasi, na diski ilijaa video za mieleka za Mjomba. Sasa haina mieleka. Mjomba hajui, na wewe hujui.

Kubonyeza mwenyewe nilishindwa. Ningekuwa nimemzika Baba mara ya pili, safari hii bila hata kumwuliza mjane. Nikamkalisha Mama, nikamweleza habari ya mkeka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni zile nilizozifuta mimi."

"Ndiyo, Mama."

"Zote ziko humo?"

"Zote alizokuandikia."

"Nitafutie ya siku ile."

Tukatafuta. Nililifungua lile faili lenyewe, tukashuka nalo mstari kwa mstari, Mama kanishika bega. Nimetoka, nimetoka, nimetoka. Nunua betri. Nimetoka. Mama alianza kuzisoma kwa sauti ndogo, na nakuapia, Dada, kuna wakati nilisikia sauti mbili. Tulifika mwisho. Ya siku ile haikuwemo.

"Basi hakuniaga," Mama akasema.

Nikamwuliza kama niweke nakala kwanza, kama maelezo yanavyoshauri. Akasema mlango haufungwi nusu. Alishika kipanya mwenyewe, akabonyeza. Kile kimstari cha kijani kilitambaa, kikafika, kikapotea. Nyumba ikawa kimya, ule ukimya wa friji inaponyamaza ndipo ujue ilikuwa inaunguruma.

Kesho yake jioni niliona amelibandika sufuria jikoni. Sikuuliza; mazoea yana taabu. Nikawasha kompyuta nichapishe tiketi, nione kama karatasi itamshawishi.

Ting.

Nikaangalia chini ya mkeka: patupu. Programu nayo ilikuwa salama. Barua moja tu, jina la Baba, na tarehe si ya leo. Ilikuwa ya siku ile. Nywele zilinisimama mpaka za mikononi. Mama alikuja akifuta mikono kwenye kanga, akaniondoa kitini, akasoma.

"Nimetoka. Leo nitachelewa, nataka kupumzika kidogo kituoni. Usiniwekee maji, yatapoa bure."

Aliisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Kumbe aliniambia," akasema. Akaenda jikoni kuzima moto, akarudi na begi lile la bluu, akaniuliza huko kwenu kuna baridi kiasi gani.

Nilipiga simu kiwandani. Mtunza bohari mpya akaniambia kompyuta ya zamani ilikuwa imetupwa pembeni tangu siku ile, folda zake zimejaa, na mchana huo ndipo walipoizibua. "Kulikuwa na barua moja imekwama kwenye zinazotoka," akasema. "Ikaondoka yenyewe. Samahani kama imewasumbua." Nikamwambia haikutusumbua.

Mama anafika Alhamisi. Kwa simu nilishakwambia mkamlaki na koti. Barua hii anayo yeye kwenye begi, kwa hiyo ukikuta imekunjuliwa, usijifanye kushangaa.

Msalimie Shemeji na mayai yake, na wale majirani zenu wapole wa ghorofa ya chini. Shangazi anakusalimu kwa goti zima. Mjomba naye anakusalimu, anauliza kama una mieleka yoyote. Mungu akujalie ujifungue salama, na mtoto aje na mapafu ya Shangazi na subira ya Mama.

Mimi nduguyo nikupendaye, mlinzi wa nyumba na folda,

Mdogo wako.

Tanbihi: Yale maji yalikuwa yameshapata moto. Nimeoga mimi.