Roboti Yetu Haioni Baibui

Jumanne, alasiri. Jeddah kuna joto la kunata, shati limenigandia mgongoni, na leo sijipendi hata kidogo.

Nipo kwenye chumba cha kupanga hapa mtaa wa Kandara. Nililetwa kutoka Riyadh wiki mbili zilizopita kuifanyia majaribio roboti yetu inayosukuma matoroli ya mashuka hotelini. Mimi ndiye fundi wa hisia zake. Inazo mbili: jicho la kutambua kitu kilicho karibu kabla haijakigusa, na ngozi ya mpira ya kuisimamisha ikishagusa. Moja ikikosea, nyingine iokoe. Nilikuwa nikijigamba hivyo kwa kila aliyekubali kunisikiliza.

Juzi ilimgonga Nekesa.

Nekesa ni mhudumu wa vyumba, Mkenya wa Bungoma, mtu pekee pale aliyekuwa akinibakishia chai. Alikuwa ameinama mlangoni na baibui lake jeusi la kazi. Roboti haikupunguza mwendo. Ilimbana kwenye fremu ya mlango mpaka mfupa wa mkono ukavunjika.

Sababu naijua. Kule Malaz, Riyadh, kwenye karakana yetu, tuliijaribu sisi kwa sisi, wanaume tupu, wenyeji na kanzu zao nyeupe. Lile jicho hutupa mwanga usioonekana na kungoja urudi. Kanzu nyeupe huurudisha vizuri, nguo nyeusi huumeza. Hatukumwita mwanamke hata mmoja apite mbele ya chombo kile. Na mimi nina dada wanne!

Ngozi je? Hapo ndipo panaponiuma. Wiki iliyopita wageni walikuwa wakipita ukumbini, pindo za kanzu zikiigusa, roboti ikawa inasimama kila hatua. Bosi wangu akaona aibu. "Yalla, muhandis, punguza hiyo, halas, yaishe."

Nikapunguza wepesi wa ngozi kuhisi mguso. Ilinichukua dakika mbili. Sikubisha, kwa sababu ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, inakwisha mwezi ujao na wa kuihuisha ni yeye.

Jana akaniletea ripoti: mhudumu aliingia ghafla kwenye njia ya roboti. Nikatia saini. Kwa ripoti hiyo Nekesa atavunjiwa mkataba kwa uzembe na kurudishwa kwao, mkono ukiwa bado kwenye plasta.

Jioni nilikwenda kumwona. Laiti angenitukana. Aliniuliza tu, "Engineer, nikirudi job nipitie side gani ndio isinigonge tena?"

Nilimwekea juisi mezani nikatoka kama mwizi.

Leo asubuhi nimewaandikia makao makuu ya kampuni yetu Riyadh. Nimesema yote: mabaibui ambayo hatukuyajaribu, ngozi iliyopunguzwa, na kwamba aliyeipunguza ni mimi. Nimeambatisha rekodi za roboti yenyewe. Nimeomba ile ripoti ifutwe na Nekesa abaki kazini.

Jibu limekuja kabla ya adhuhuri. Wananishukuru kwa uaminifu wangu. Roboti ifungwe vizuri, isipate mikwaruzo njiani, irudishwe Riyadh ikachunguzwe na mafundi watatu. Mimi nisubiri barua.

Nimeisoma mara tatu nikitafuta jina la Nekesa.

Halimo.

Basi nitawaandikia tena kesho, na mstari wa kwanza utakuwa jina lake. Wakinifukuza, wanifukuze. Ila ningekuwa na ujasiri huu wiki iliyopita, dakika mbili tu, leo angekuwa anatandika vitanda kwa mikono yote miwili.