Bure ya Mama

Anjeline,

Tangu Jumapili ile Mama yako alipofariki, hakuna wa kukumbusha watu hapa nyumbani, kwa hivyo naandika. Uji uko kwenye chupa. Usiinue mtungi na tumbo hilo.

Asubuhi nilisema kuzaa hospitali ya serikali ni bure, ukanijibu, "Baba, wewe ulizaa lini?" Katika jibu hilo nilimsikia Mama yako. Wakati wa kumzaa mdogo wako Emorut nilimwambia hivyo hivyo. Akasema, "Sawa mzee, bure hiyo utaibeba wewe." Nikabeba beseni, pamba, glavu na wembe, wauguzi wakinicheka: "Baba, umekuja kufungua duka?" Hata uzi wa kitovu nilikimbia kununua nje. Mama yako alicheka hadi uchungu ukamkatiza. Natamani kukisikia tena kicheko hicho.

Kliniki ya kibinafsi ya Malaba wanataka pesa yote kabla hujapanda kitanda. ~~Utazalia ya serikali.~~ Nimefuta. Anayezaa ndiye achague.

Nimepeleka ng'ombe wa Mama soko la Angurai. Nitarudi jioni na pesa, bila yeye.

Baba