Kipimo cha Joto la Chumba cha Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu, wewe na wifi na watoto. Vipi lile goti lako? Mama haachi kuliulizia. Mimi mzima, cherehani nayo nzima, ila mgongo unanisuta kila nikimaliza kushona sare za shule. Mama hajambo kidogo. Hiyo "kidogo" ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu unanikatiza kabla sijafika popote.

Nilikueleza kwamba Mama alianguka uani akianika nguo. Tabibu wa zahanati akasema presha yake haitaki joto, atolewe kwenye kile chumba cha nyuma chenye bati tupu bila dari. Nikakuomba ufunguo wa chumba chako cha mbele. Ukanijibu kwamba wazee hawakosi la kulalamikia, na mimi tangu utotoni kazi yangu kutia chumvi. "Joto kiasi gani? Nipe kipimo, siyo maneno." Haya, Kaka, nimekutafutia kipimo.

Duka la dawa wana kile cha kwapani tu. Nikamuuliza muuzaji kwapa la nyumba liko wapi. Alicheka peke yake. Aliyenisaidia ni jirani yetu, Mwalimu Chaki, aliyetufundisha sote wawili na sasa amestaafu. Aliniambia nitengeneze mwenyewe, akanielekeza hukohuko ukutani alikoegemea, kwa sauti ileile ya darasani, mtaa mzima ukasoma.

Nilichukua chupa ndogo ya kioo ya dawa ya kikohozi, nikaiosha. Nikatia maji na spiriti ya kusafishia vidonda, sawa kwa sawa, yasifike nusu ya chupa, na matone ya rangi nyekundu ya keki. Nikachomeka mrija wa soda, ule unaoonyesha ndani, bila kuuacha uguse chini. Mdomo wa chupa nikauziba kwa udongo, na nyuma ya mrija nikafunga kipande cha karatasi cha kuwekea alama. Mara ya kwanza hakikupanda kitu. Kumbe niliacha upenyo, hewa inatoroka. Nikaziba upya kwa nta ya mshumaa. Nilipoikumbatia chupa kwa viganja, ule wekundu ukaanza kupanda mrija, na Mama akapiga makofi akacheka mpaka akapaliwa. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo.

Nilianza na chumba chako. Usishtuke, sikuvunja kitu. Kioo kimoja cha dirisha kilishapasuka chenyewe, nikapitisha mkono katikati ya nondo nikaiweka chupa ukingoni kwa ndani, nikangoja. Feni yako imesimama pembeni, imevalishwa mfuko wake. Kitanda kimetandikwa. Dari jeupe, halina hata buibui. Hewa iliyonigusa mkono ilikuwa baridi kama maji ya mtungini. Tangu ukijenge chumba hicho umelala humo mara mbili. Nikaweka alama kwenye karatasi.

Mchana huohuo nikaihamishia kwa Mama. Maji yalipanda vidole vinne juu ya alama yako. Ukiniuliza ni digrii ngapi, sijui, chupa yangu haina namba. Ina alama ya chini, ya chumba chako wewe usiyekuwepo, na alama ya juu, ya chumba cha Mama ambaye yupo.

Nilitaka kukuandikia palepale, nikasema ngoja, atadai ni siku moja tu ya jua. Nikaiacha chupa mezani kwa Mama. Juzi, bati linalia kwa joto, nikakuta maji yameshuka karibu na alama yako. Jana vilevile. Kaka, nilianza kujishuku. Nikakagua nta, iko sawa. Nikajiambia labda kweli mimi ni mtu wa kutia chumvi, na wewe huko ulikokaa unaijua nyumba hii kuliko mimi ninayeifagia.

Leo nikaacha nguo kwenye cherehani nikaingia bila hodi. Nilikuwa nimemwachia Mama kitambaa cha maji ajiwekee kwenye paji la uso. Nilikikuta kimezungushwa kwenye chupa. Mama ameketi pembeni yake, anaipepea kwa kipande cha boksi, jasho linamdondoka kidevuni.

"Mama, unafanya nini?"

"Usimwandikie mwanangu kwamba nateseka," akasema. "Ana mambo mengi huko. Mwandikie kwamba maji yapo chini."

Nimekukasirikia, Kaka, sikufichi. Na yeye nimemkasirikia, halafu nikamkumbatia, akanisukuma eti nitamwaga chupa. Hata mbele ya hasira yangu alikufikiria wewe kwanza.

Kwa hiyo ufunguo usihangaike kuutuma. Nimemwita fundi wa vitasa, na ninapoandika hapa anakata kufuli lako. Mama leo atalala kwenye kitanda chako, na feni nitaivua mfuko wake mimi mwenyewe. Ukija, na karibu sana, chumba cha nyuma kitakuwa wazi. Chupa ingevunjika njiani, sikutumii. Nimekuwekea kile kitambaa ndani ya bahasha.

Mjomba anakusalimu, na Mwalimu Chaki pia, anasema uliwahi kuwa mwanafunzi mzuri. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawashonea. Mungu akulinde, akuponye goti, na akujalie wanao wasije wakakudai kipimo.

Mama anakusalimu kuliko wote. Hajui ninakuandikia haya. Namsikia huko mbele, anamwambia fundi agonge polepole, asije akakwangua rangi ya mlango wa mwanawe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo.